Zumu haifiki tena usoni baada ya kukata klipu: vifremu vinakaa wapi?

Kamalondo_Video (mwenye uzi)

Jambo yenu wote wa montaji (kukata na kuunganisha video).

Niko Lubumbashi, natengeneza video ya jubilei: babu aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini, na mke wake, miaka 50 ya ndoa. Familia ilinipa albamu. Picha moja inaonyesha wafanyakazi wamejipanga mstari, bomba kubwa la moshi liko nyuma yao, na babu ni wa tatu kutoka kulia. Niliiweka sekunde 8, nikapiga vifremu (zile alama za almasi) viwili vya ukubwa na viwili vya mahali. Mwanzo picha nzima, asilimia 100. Mwisho uso wa babu, asilimia 180. Ilitembea vizuri kabisa.

Halafu familia ikabadilisha wimbo. Nikapunguza picha kutoka mwisho, ikabaki sekunde 5. Sasa zumu, huko kusogelea uso, inakatikia njiani, inaishia kwa jirani wa babu, mwenye kofia. Mjukuu aliyekuja kuangalia akauliza: "Huyu wa kofia ni nani wetu?"

Picha nyingine niliikata upande wa kushoto: inaanza ikiwa imeshasogea. Ya tatu niliipasua kwa wembe (kifaa cha programu cha kugawa klipu) ili niingize picha nyingine kati, na kila kipande kimebaki na mwendo wake nusu nusu. Natumia Premiere Pro, programu ya montaji. Jirani yangu wa studio anatumia nyingine, DaVinci Resolve, na anasema kwake maandishi yanajinyoosha yenyewe akivuta ukingo wa klipu.

Nani anaamua kifremu kikae wapi?

Ruashi_Direct

Futa vyote, piga upya, lala. Hapo kuna maulizo gani?

Kamalondo_Video

Yaya, albamu iko na picha zaidi ya sitini na bado wanabishana juu ya wimbo. Nikipiga upya kila wanapobadilisha mawazo, jubilei ya miaka 51 itanikuta kwenye kiti hiki.

Fundi_Katuba

Programu yako ni nzima, mdogo wangu.

Kifremu kinabeba vitu viwili: thamani, kwa mfano hiyo 180, na wakati wake. Thamani unaiona kwenye skrini, kwa hiyo ndiyo unayoishughulikia. Wakati ndio unaokuponyoka, kwa sababu lazima uhesabiwe kuanzia mahali fulani, na aliyechagua mahali hapo ni waliotengeneza programu. Kuna waliohesabu kutoka ndani ya chanzo chenyewe, yaani faili ya picha au video. Kuna waliohesabu kutoka kwenye kingo za klipu. Na kuna vifremu vinavyohesabiwa kutoka mwanzo wa taimulaini (mstari wa muda wa video nzima), visivyojali klipu gani inapita chini yao. Ukishajua cha kwako kimefungwa kwenye nini kati ya hivyo, huna haja ya kukariri tabia ya kila programu. Utaikisia kabla hujakata.

Premiere inafunga vifremu vya klipu kwenye chanzo. Tuchukue picha yako. Sekunde 8 kwa fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kila sekunde ni fremu 200, na kifremu chako cha mwisho kinakaa huko mwisho. Ulipokata hadi sekunde 5 ulisimama kwenye fremu ya 125. Kifremu cha mwisho hakikufutwa wala hakikusogezwa. Kiko palepale, nje ya ukingo, hukioni, na bado kinavuta. Kila fremu iliyobaki inapimwa kati ya 100 na 180 kana kwamba safari nzima ingalipo. Kwenye fremu ya 125 umetembea sehemu tano kati ya nane za njia, kwa hiyo ukubwa ni 150, na mahali pia umefika sehemu tano kati ya nane tu. Hapo ndipo anaposimama mwenye kofia.

Upande wa kushoto hesabu ni ileile. Ukikata sekunde 2 za mwanzo, picha inaanzia kwenye 120, kwa sababu kifremu cha 100 kimebaki nyuma ya mlango.

Na wembe hausambazi vifremu kwenye vipande. Kila kipande kinapewa nakala ya vifremu vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana. Ndiyo maana ukivuta ukingo wa kipande chochote, mwendo wote unarudi. Lakini tangu sekunde hiyo ni nakala mbili zisizojuana: ukibadilisha thamani upande mmoja, mwingine haupati habari, na ukivirudisha vipande pamoja picha inaruka kwenye kiungo.

Ukitaka kuviona vilivyojificha, fungua dirisha la vidhibiti vya efekti, ingia kwenye menyu yake ndogo, ondoa alama kwenye Pin to Clip. Mstari utarefuka kupita ukingo wa klipu na almasi zako utazikuta huko zimekaa kimya. Usizifute. Kamata ya mwisho uivute hadi ndani ya ukingo mpya, ya ukubwa na ya mahali kwa pamoja. Ukivuta ya ukubwa peke yake, itafika 180 wakati picha bado iko njiani, na familia itaonyeshwa pua ya mtu wasiyemjua, kubwa kama meza.

Mtoto_wa_Kenya

Aksanti sana yaya. Ila miye, kwa zumu kama hiyo ya 100 hadi 180, nilikata katikati kabisa na thamani ilikuwa sawa, 140. Lakini inaonekana kama mutu amepiga picha teke. Juu ya nini?

Fundi_Katuba

Uliweka mwendo wa kuanza polepole na kumaliza polepole, sivyo? Mwendo wa namna hiyo, ukiwa sawa pande zote mbili, unafika nusu ya thamani kwenye nusu ya muda, kwa hiyo 140 ni sahihi. Lakini katikati ndipo kasi iko juu kuliko mahali pengine popote. Umekata gari likiwa kwenye mwendo wake mkubwa kabisa. Mwendo ulionyooka ungekatika bila mtu kushtuka, kwa sababu kasi yake ni moja toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo uking'ang'ania kukata hapo, weka kifremu kipya kwenye fremu ya mwisho ya kipande na ukipe hicho ule upole wa kumaliza.

Nguba_Cam

Miye niko Bukavu, na naona Fundi anaitetea programu bure. Mtu akifupisha picha, anachotaka ni zumu ileile kwa muda mfupi. Hakuna anayetaka "sehemu tano kati ya nane za zumu". Kama mashine inajua klipu imekuwa ya sekunde 5, ingebana vifremu yenyewe.

Na kuna mahali inafanya hivyo. Kwenye Resolve, washa Dynamic Zoom kwenye picha. Unapata mistatili miwili, wa kijani ni mwanzo na mwekundu ni mwisho. Hupigi kifremu hata kimoja. Mwendo unaenea klipu nzima, na ukiifupisha au kuirefusha unajipima upya. Mwenye uzi angekuwa huko, babu angefikiwa kila mara, hata kwa sekunde 3.

Fundi_Katuba

Kwa picha za albamu, nakubali. Miye mwenyewe ningetumia hiyo, ila ujue kasi inabadilika: picha ya sekunde 8 ikibanwa kuwa 3, zumu inakimbia, na kwenye video ya wazee inakuwa kama wanafukuzwa.

Sasa toka kwenye picha, ingia kwenye video. Umepiga video ya dote (mahari). Mjomba amesimama anasoma orodha ya vitu, na mbele yake mtoto wa jirani anapita. Mama yake hataki uso wa mtoto uonekane. Unaweka duara la ukungu, unalifuatisha uso fremu kwa fremu, almasi zinajaa kama shanga. Kesho yake unakata sekunde moja ya mwanzo kwa sababu mjomba alikuwa anakohoa. Kwa programu ya kwako ya Bukavu, inayobana kila kitu, duara lote linajipanga upya: uso uko kushoto, ukungu umeshafika kulia. Kwa Premiere hakuna kinachosogea, kwa sababu duara limefungwa kwenye fremu ya chanzo, na uso wa mtoto uko kwenye fremu hiyohiyo.

Hata ukifanya slipu, ile ya kuacha kingo mahali pake na kutelezesha video ndani, vifremu vinateleza pamoja na video. Ukungu unabaki usoni.

Kwa hiyo swali langu ni moja tu kabla ya kupiga kifremu: kitu hiki kinafuata nini? Kikifuata kilichomo ndani ya picha, mtu, gari, kidole kinachoonyesha, nakifunga kwenye chanzo. Kikiwa ni cha kuingia na kutoka, kama kufifia au maandishi kupanda kutoka chini, nakifunga kwenye ukingo.

Na vya ukingo vipo tayari, ila watu hawavitumii. Naona vijana wanapiga vifremu vinne vya uwazi kwa kila klipu ili ifunguke na kufungika taratibu. Kwa nini? Weka mpito wa kawaida (efekti ya kupita kutoka klipu moja hadi nyingine). Mpito unakaa ukingoni, ukivuta ukingo unakuja nao. Kwenye Resolve kuna vishikio vyeupe kwenye pembe za juu za klipu, unavivuta tu. Sauti ni vilevile. Shotcut, programu nyingine ya montaji, nayo iko na vifremu vyake vyepesi, unaweka urefu wa kuingia mwanzoni na wa kutoka mwishoni, basi.

Kuhusu maandishi ya jirani wa mwenye uzi: hayajinyooshi kwa uchawi. Aliyeyatengeneza kwenye Fusion (sehemu ya Resolve ya efekti na maandishi) aliweka ndani kifaa kinachoitwa Keyframe Stretcher, kinachonyoosha fremu za katikati tu na kuacha mwendo wa kuingia na kutoka kwa urefu wake uleule. Au alitumia Anim Curves, ambayo inaupima mwendo kwa urefu wa klipu. Maandishi uliyojitengenezea mwenyewe Fusion bila vifaa hivyo hayatanyooka. Premiere ina kitu cha aina hiyo kwa grafiki: chagua grafiki yako, nenda kwenye Responsive Design upande wa muda, weka urefu wa kuingia na wa kutoka. Vifremu vilivyomo humo vinalindwa, unachovuta ni tumbo tu.

Ruashi_Direct

Sasa hapo umesema kitu. Vifremu vinne vya uwazi kila klipu, miye nilikuwa nahesabu ni ufundi.

Himbi_Sauti

Niongeze jambo la sauti kutoka Goma, maana huku mnazungumza picha tu na shida kubwa zaidi iko kwenye muziki.

Kazi ya harusi. Muziki uko kwenye traki (safu ya taimulaini) ya chini, hotuba juu. Kila mzee akishika maikrofoni, muziki unashuka. Nilishusha kwa vifremu vya traki, si vya klipu, kwa sababu nyimbo zilikuwa zinabadilika na sikutaka kupiga upya. Kila kitu sawa. Halafu familia ikaleta salamu ya bibi aliyeko mbali, dakika nzima, iingie mwanzoni. Nikaingiza, klipu zote zikasogea mbele kwa dakika moja. Vifremu vya traki vikabaki pale pale. Muziki ukawa unashuka mahali hakuna mtu anayesema, na mzee akiinua maikrofoni ngoma inampiga usoni.

Hii ndiyo aina ya tatu ya Fundi, inayohesabu kutoka taimulaini. Kwenye Premiere bonyeza alama ya kifremu kwenye kichwa cha traki ya sauti uone unachoandikia: klipu au traki. Rangi na umbo la mstari vinafanana sana, ndiyo maana watu wanachanganya. Kwenye Resolve, upande wa sauti unaoitwa Fairlight, kuna chaguo la Automation Follows Edit: likiwashwa, mistari ya traki inahama na klipu.

Siku hizi natumia traki kwa kitu kisichohusu klipu yoyote, mfano kushusha video nzima mwishoni. Kushusha muziki chini ya hotuba naweka kwenye klipu ya muziki, halafu klipu hiyo nafunga na hotuba zisogee pamoja.

Tabaka la marekebisho, lile lisilo na picha linalobeba efekti kwa video iliyo chini, nalo liko hivyohivyo, angalieni. Ni klipu yake yenyewe. Ukisogeza video iliyo chini yake bila kulichukua na lenyewe, rangi na zumu zake zinabaki hewani zikimsubiri mtu mwingine.

Mtoto_wa_Kenya

Kaka wa Goma, hiyo ya ngoma usoni imenichekesha lakini ni ya kweli.

Swali: miye napiga na simu. Nikibonyeza kwenda kwa kifremu kinachofuata, mshale unafika, nabadilisha thamani, kumbe inazaa almasi ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Mbili zimebanana. Picha inatetemeka hapo.

Fundi_Katuba

Simu yako inapiga fremu 30 kwa sekunde, taimulaini yako ni 25. Fremu ya 30 ina milisekunde 33 hivi, ya 25 ina 40. Kifremu kilichofungwa kwenye chanzo kinaweza kuangukia katikati ya fremu mbili za taimulaini. Mshale hauwezi kusimama hapo, unasimama jirani, na wewe ukibadilisha thamani unazaa kipya jirani. Zaidi ya hapo, simu nyingi hazishiki 30 sawasawa, zinapanda na kushuka kufuatana na mwanga.

Kabla ya montaji, pitisha faili kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha faili za video), chagua kasi ya fremu isiyobadilika. Na taimulaini iwe ya kasi ya video zako zilizo nyingi. Kama harusi nzima umepiga kwa simu, hakuna sheria inayokulazimisha 25.

Tshamilemba_Live

Samahani wakubwa, niko nje kidogo. Kwenye OBS, programu ya kurusha video moja kwa moja, wanasema kifremu kila sekunde 2 kwa YouTube. Nikiweka hivyo, zumu zangu zitakaa sawa?

Himbi_Sauti

Hapana ndugu, hivyo ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Cha OBS ni fremu iliyohifadhiwa nzima ndani ya faili iliyobanwa, nyingine zinaeleza tu kilichobadilika tangu hapo. YouTube wanapendekeza kila sekunde 2, isizidi 4, ili mtazamaji anayeingia katikati apate picha haraka. Hakihusiani na zumu. Utakutana nacho tena ukikata faili bila kuirenda upya (bila programu kuitengeneza upya fremu kwa fremu): hapo kata lazima ianzie kwenye fremu nzima, la sivyo mwanzo unakuwa vumbi la rangi au unaganda.

Kamalondo_Video

Nimeondoa ile alama ya Pin to Clip na kweli, almasi zote ziko nje zimepanga foleni. Nimezivuta picha tatu, zimekaa vizuri. Umeme ulikatika katikati lakini nilikuwa nimeshahifadhi.

Sasa picha zilizobaki. Kila moja ina urefu wake kwa sababu nakata kufuata mapigo ya wimbo. Nikitengeneza zumu moja nzuri na kuinakili kwa nyingine zote, si nitarudi kwenye shida ileile? Zumu ya sekunde 8 kwenye picha ya sekunde 4 itakatikia njiani tena.

Na kama kuna sehemu nitabadilisha spidi, vifremu vinafuata?

Fundi_Katuba

La spidi kwanza: weka spidi kabla, vifremu baadaye. Programu hazikubaliani hapo. After Effects, programu ya efekti, kwa mfano, ukinyoosha leya (tabaka) kwa muda, vifremu vyake vinanyooka nayo, na ukitaka vibaki pale vilipokuwa unalazimika kuvikata na kuvibandika upya. Kama spidi ni lazima ije mwisho, ifungie klipu ndani ya sikwensi (taimulaini) yake yenyewe, upige vifremu juu ya hiyo sikwensi kutoka nje. Ndani unabadilisha spidi unavyotaka, nje mwendo hautikisiki.

La kunakili: nakili klipu yenye zumu nzuri, chagua nyingine zote, kisha tumia Paste Attributes. Usibonyeze sawa haraka kama kawaida yenu. Dirisha linalofunguka lina kisanduku kinaitwa Scale Attribute Times. Kikiwa na alama, vifremu vinabanwa au kunyooshwa kulingana na urefu wa klipu inayopokea: zumu ya sekunde 8 inaingia nzima kwenye sekunde 4. Kikiwa hakina alama, vinabandikwa kwa muda wao wa asili, na hapo ndipo ungekatikia njiani.

Ila maliza wimbo kwanza. Kisanduku hicho kinapima siku ya kubandika tu. Ukikata tena baadaye, vifremu vimeshafungwa kwenye chanzo kama vile ungevipiga kwa mkono.

Na mahali usibandike. Uso wa kila mtu uko upande wake kwenye kila picha. Dirisha hilo linachukua efekti ya mwendo nzima, ukubwa na mahali pamoja, kwa hiyo kwenye klipu ya mfano piga vifremu vya ukubwa peke yake, mahali pabaki katikati. Ukishabandika kote, ndipo unapitia picha moja moja na kuielekeza usoni.

Nguba_Cam

Subiri. Kisanduku kinachokuuliza kama vifremu vibanwe au vibaki na muda wao. Si ndicho nilichokuwa naomba tangu asubuhi, mukaniambia programu ya Bukavu?

Fundi_Katuba

Wewe uliomba ibane bila kuuliza.

Nguba_Cam

Sawa mukubwa. Iulize, basi. Na iulize pia wakati wa kukata, siyo wakati wa kubandika tu.

Ruashi_Direct

Ikuulize kila ukikata? Kwenye harusi ya masaa sita? Ungeizima kabla bibi harusi hajaingia kanisani.